Tairi za Kimya za Rosaire Potvin

Zamani mtu wa kijiji cha Sainte-Rosule alichagua tairi za majira ya baridi kwa ukucha wa kidole gumba, baada ya kuzilaza nje kwenye theluji hadi baridi iziingie. Siku hizi anatelezesha kidole hichohicho juu ya kioo cha simu, tairi zinaletwa, zinafungwa na mtu asiyemjua jina, na theluji ikiyeyuka zinapelekwa kulala kwenye ghala la kulipia mjini kama wagonjwa.

Rosaire Potvin alikuwa na ukucha wa kazi hiyo. Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yamebabuka kwa baridi ya miaka mingi, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimepinda kidogo tangu kibanwe na jeki ujanani. Alifuga ng'ombe wachache na kupasua kuni, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu jambo moja tu: anapeleka watoto shule. Yeye na mkewe Fernande hawakujaliwa mtoto. Watoto wa Safu ya Juu, ile barabara ya mashamba iliyokaa mgongoni mwa kilima, ndio waliojaza gari lake refu la rangi ya maharage, lenye safu tatu za viti. Aliteremka nao asubuhi wakiwa na usingizi, akapanda nao jioni wakiwa na kelele, na wote walimwita mjomba.

Kati ya Safu ya Juu na shule palikuwa na Mlima wa Msalaba. Juu kabisa ulisimama msalaba wa mbao wa wazee wa kwanza. Katikati palikuwa na kona kali. Chini kabisa, pale kilima kinapokutana na barabara kuu, palikuwa na sanduku la barua. Ukishindwa kusimama penye sanduku la barua, gari linaingia moja kwa moja njiani mwa malori ya magogo. Kwa hiyo mama wa Safu ya Juu hakuuliza kama dereva anajua kwenda. Aliuliza kama anajua kusimama.

Tairi za Rosaire za majira ya baridi zilikuwa mbili, za nyuma, zenye misumari mifupi ya chuma iliyochomoza kwenye mpira. Juu ya barafu zililia kama mvua ya mawe kwenye bati. Watoto walizisikia tangu penye Msalaba, na mlio huo ndio uliokuwa saa yao: ukisikika, viatu vinavaliwa, ukikaribia, mtu anameza uji wa mwisho na kutoka mbio. Waliokua siku zile hadi leo wakisikia misumari juu ya barafu hutafuta mkoba wa shule.

Palikuwa na desturi ambayo leo ukiieleza unachekwa. Watu wawili wakitaka kazi ya kupeleka watoto, kamati ya shule haikuomba vyeti. Ilisubiri Sikukuu ya Mtakatifu Katarina, mwishoni mwa Novemba, siku ambayo akina mama walichemsha molasi na watoto wakaivuta kwa mikono hadi ikawa pipi za rangi ya dhahabu. Kila dereva alianzia chini, akaupanda mlima bila kusukumwa, akapewa sufuria ya molasi katika nyumba iliyo jirani na Msalaba, akaiweka kwenye kiti cha watoto, kisha akateremka na kusimama penye sanduku la barua. Ambaye molasi yake ilifika, alikabidhiwa watoto. Kwa miaka mingi hakuna aliyejitokeza kushindana na Rosaire, naye aliteremsha sufuria peke yake huku watu wakimpigia makofi ya adabu.

Mwaka ule ukaharibika mezani, Jumapili, katikati ya pai ya nyama.

"Shemeji, nipitishie chumvi," alisema Ludger Dallaire, kaka yake Fernande, "na mwaka huu unipitishie na wale watoto."

Rosaire akampa chumvi. "Watoto gani?"

"Wa Safu ya Juu. Nimeshamwambia Mwalimu Lavertu wa kamati. Siku ya Katarina nami nitakuwepo na sufuria yangu."

Rosaire aliweka uma chini. Ludger alikuwa mfupi, mnene, mwenye mashavu mekundu na mdomo usiolala. Gari lake lilikuwa pacha wa gari la Rosaire, waliyanunua siku moja kwa muuzaji mmoja, ila la Ludger lilikuwa kijani. Jeki waliazimana, gurudumu la akiba waliazimana, na sasa ilionekana hata maisha wanaweza kuazimana.

"Wewe," Rosaire alisema polepole. "Wewe ambaye mwaka jana uliteleza na gari kutoka kanisani, kinyumenyume, hadi kwenye makaburi."

"Ile ilikuwa barafu ya padri. Hakumwaga mchanga."

"Padri alimwaga mchanga. Wewe ulipita pembeni yake."

"Kwani mchanga ulikuwa na jina langu?"

Colombe, mke wa Ludger, akacheka ndani ya kikombe. Ludger hakucheka. Akaanza kusawazisha makombo mezani kwa ncha ya kisu. "Kiwanda cha mbao kimepunguza siku, shemeji. Nashinda nyumbani. Colombe amechoka kuniangalia."

"Hilo ni kweli kabisa," alisema Colombe.

"Na wewe dada, unasemaje?"

Fernande alikuwa akigawa mabaki ya pai kwa haki, kipande kwa huyu na kipande kwa yule. "Mimi msiniingize. Huyu kaka, huyu mume. Mimi niko upande wa watoto."

Jioni ile Rosaire alikamua ng'ombe bila kuimba. Alijaribu kufikiria asubuhi ya Januari bila mtu wa kumfuata, kiti cha nyuma kikiwa na magunia ya mchanga ya kulitia gari uzito tu, na akaona hawezi. Ndipo moyo ukaanza kumwenda mbio, si kwa huzuni bali kwa hamu ile aliyokuwa nayo akiwa kijana wa mbio za farasi kwenye ghuba iliyoganda. Alikuwa amesahau kwamba bado anayo.

Ijumaa iliyofuata akateremsha tairi zake kutoka darini kwenye banda. Tairi ya misumari huzoea kuzunguka upande mmoja. Iliyokuwa kushoto irudi kushoto, ya kulia irudi kulia. Ukizibadilisha, msumari unasukumwa kinyume na ulivyokaa, unalegea, na unatoka. Kila mtu alijua. Ndiyo maana majira ya baridi yakiisha, mtu alizitia alama kabla ya kuzihifadhi. Rosaire alitia alama kwa chaki. Kipindi cha kiangazi bati la banda lilivuja, na chaki ikaenda zake.

"Si nilikuambia utumie rangi?" alisema Fernande kutoka mlangoni.

"Tairi zangu nazijua kama ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako wana sura."

Akazifunga kwa kujiamini, akafunga nati kwa mguu, akaondoka kwenda kuujaribu mlima. Mwanzo mlio ulikuwa mtamu. Kisha akasikia ta, ta, ta, chini ya bodi, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria yenye mfuniko. Akafurahi, akidhani tairi zimechangamka. Alipotazama kioo cha nyuma akaona vitu vidogo vinaruka na kumetameta barabarani.

Akasimama, akashuka. Misumari ilikuwa imetapakaa nyuma yake, na kwenye mpira yalibaki matundu matupu. Alivua kofia akaanza kuiokota mmojammoja, ingawa alijua haina kazi tena, maana mtu hawezi kuacha meno yake barabarani na kuondoka. Akiwa ameinama hivyo, gari la kijani likasimama kando yake na kioo kikashushwa.

"Shemeji, unapanda mbegu?"

"Endelea na safari yako, Ludger."

"Nauliza tu. Chuma hakioti msimu huu. Subiri Mei."

"Nimesema endelea."

Ludger akaondoka, na tairi zake za nyuma zililia vizuri, zenye misumari yote. Rosaire alisimama katikati ya barabara na kofia iliyojaa chuma, masikio yakimwaka, na sikukuu ilikuwa kesho.

Asubuhi na mapema wakaenda, yeye na Fernande, kwa fundi Gonzague Fradette mjini kwenye ghuba. Duka la Gonzague lilikuwa banda refu lenye harufu ya mpira, grisi na kahawa iliyochemka kupita kiasi. Tairi zilipangwa hadi darini, na watu wakapita katikati yake wakizipapasa, wakizinusa, wakibishana. Leo pale pana duka la miwani.

"Mnakuja kama mnavyokuja wote," alisema Gonzague bila kuinua kichwa. "Theluji ikishaanguka, ndipo mnakumbuka kwamba gari lina miguu."

"Nataka mbili za misumari, fundi. Za rimu yangu."

"Ninazo mbili. Za mwisho. Zimebaki kwa sababu mpira wake siupendi." Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Halafu ninazo nne, zimeletwa kutoka ng'ambo. Hazina msumari hata mmoja. Mpira laini, na juu yake kumekatwakatwa kama kwa wembe. Hazipigi kelele."

"Tairi isiyopiga kelele nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Utajua ukiwa hai."

Walioko dukani wakacheka. Rosaire naye akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameshazishika zile nne. Zilikuwa nyeusi tii, na mifereji yake mirefu ilikuwa imejaa mikato mingi myembamba, kiasi kwamba ukipitisha kiganja zilikuwa kama zinakishika. Alizichukia papo hapo, na papo hapo akatamani kuzijua.

Akafanya kama baba yake alivyofanya, na babu yake alivyochagua ngozi za hatamu. Akachukua moja ya misumari na moja laini, akazilaza nje nyuma ya duka, juu ya theluji, kwenye kivuli. Wakarudi ndani, wakanywa kahawa mbaya. Gonzague hakuwahimiza. Mwenye duka aliyehimiza watu wakati tairi ziko nje alihesabiwa mwizi. Wateja wawili waliacha shughuli zao wakaja kusubiri pamoja nao, maana lilikuwa jambo la kutazamwa.

Baridi ilipokwisha kuingia, wakatoka wote. Rosaire akavua glovu. Akaweka ukucha kwenye tairi ya misumari, akabonyeza. Ukucha ukagoma, mpira mgumu kama kwato. Akahamia kwenye ile laini, akabonyeza. Ukucha ukazama, na alipouondoa, palibaki alama ndogo ya mwezi mchanga, ikajifuta taratibu mbele ya macho yao.

"Ona," mteja mmoja alinong'ona.

Hamu ilimpanda Rosaire kichwani. Akabonyeza tena, sehemu nyingine, kisha nyingine, kama mtoto anayebonyeza mkate. Kila mahali mwezi ulitoka, ukajifuta.

"Lakini hazina chuma, fundi. Mlima wa Msalaba ni barafu."

"Barafu ya namna gani?" Gonzague akajikunja ndani ya koti. "Msumari unapenda barafu iliyolowa, inayoanza kulia. Hiyo unaiuma. Barafu ya baridi kali inakuwa ngumu kama chupa, msumari unaikwaruza tu. Hapo unaoshika ni mpira, ukiwa bado haujawa ubao. Sasa wewe mkulima, niambie leo kutakuwaje."

Rosaire akatazama upande wa mji. Moshi wa mabomba ya nyumba ulipanda wima, hauyumbi. Akavuta pumzi, vinyweleo vya pua vikagandana. "Baridi kali," akasema. "Na itazidi mchana ukielekea jioni."

"Basi."

Bado alisita. Maisha yake yote alipanda mlima ule kwa chuma. Ndipo Fernande, ambaye alikuwa amesema hayumo, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Sufuria inapanda au inateremka?"

"Inateremka. Unajua hivyo."

"Na wakati wa kuteremka, kona unaikata kwa magurudumu ya mbele au ya nyuma?"

"Ya mbele."

"Basi na hayo nayo yavae viatu."

Rosaire akamwangalia mkewe, akaanza kucheka, na cheko lile lilimtoka tumboni hadi Gonzague naye akacheka bila kujua sababu. Miaka yote ile alifunga mbili za nyuma kwa sababu baba yake alifunga mbili za nyuma, na baba yake alikuwa akipanda tu. Mizigo yake iliishia juu. "Nne," akasema. "Fundi, nifungie nne, haraka, kabla sijapata akili." Akalipa kwa ahadi ya kuni zilizokauka, na Gonzague akamshika mkono kama watu walivyoshikana mikono kabla ya kuanza kuwekeana sahihi kwa kila kitu.

Walipofika chini ya Mlima wa Msalaba, kijiji kizima kilikuwa pale. Wasichana waliovuka miaka ishirini na mitano bila kuolewa walivaa kofia za karatasi za kijani na manjano, kama ilivyo desturi ya Katarina, wakiwatania wanaume kabla wanaume hawajawatania. Watoto wa Safu ya Juu walikaa juu ya kingo za theluji kama kunguru. Mwalimu Lavertu, mwenyekiti wa kamati, mama mdogo wa mwili aliyewafundisha kusoma karibu watu wote waliokuwepo, alisimama penye sanduku la barua na kengele ya shule mkononi. Aliwaweka vijana wawili wenye bendera kwenye barabara kuu, wasimamishe malori.

Ludger akalizunguka gari la Rosaire, akainama, akapapasa. "Shemeji, meno yako wapi?"

"Nimeyaacha nyumbani."

"Hizi ni tairi au ni slipa za hospitali?"

"Utaniambia ukishateremka."

"Nikishateremka nitakuwa na molasi. Nitakulambisha kidogo."

Kengele ikalia. Ludger akaanza. Na mtu asidanganywe, alipanda vizuri. Tairi zake za nyuma zililia, cheche zikaruka, theluji ikatimka nyuma yake kama unga, na gari la kijani likapita kona na kutokomea juu huku watu wakishangilia. Rosaire alisikiliza mlio ule. Ulikuwa mlio wake mwenyewe. Kwa muda mfupi alikuwa na hakika kwamba amenunua ujinga.

Kisha Ludger akaonekana tena, anateremka. Alikuja kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kushinda. Alipofika kwenye kona akageuza usukani, na kila mtu aliona magurudumu ya mbele yakigeuka, tairi za kawaida, nusu kipara. Lakini gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, taratibu, bila fujo, kama ng'ombe anayeelekea majini, likaingia kwenye ukingo wa theluji hadi kwenye taa.

Watu wakaanza kumpandia mbio, Colombe mbele. Mlango ukafunguliwa, Ludger akatoka mzima. Sufuria ilikuwa imeruka kutoka kiti cha nyuma, na molasi yote ilikuwa juu yake: kwenye kofia, kwenye kola, ikimteremka mgongoni polepole na kuanza kuganda.

"Umeumia?" Colombe aliuliza.

"Hapana."

"Viti vyangu?"

Colombe akachungulia ndani, akatoka, akamwangalia mumewe toka juu hadi chini. "Utalala humo humo," akasema. "Mkigandana na viti, ni sawa." Watoto waliokuwa wamemkimbilia wakaanza kumlamba mikono ya koti, naye akawaacha, akisimama kama sanamu. Hata Mwalimu Lavertu aligeukia sanduku la barua ili mabega yake yatikisike kwa faragha.

Sasa ikawa zamu ya Rosaire, na yeye peke yake hakucheka. Kona ilikuwa ileile. Kama ingemkataa na yeye, hakungekuwa na wa kuteremka na watoto, na kamati ingetafuta mtu wa mbali.

Akaanza kupanda. Jambo la kwanza lililomtisha lilikuwa kimya. Alisikia injini, alisikia pumzi yake, alisikia sarafu zikigongana kwenye kisanduku cha mbele, lakini chini hapakuwa na kitu, kana kwamba gari lilikuwa limening'inizwa. Akapita kona. Akapita gari la kijani na shemeji yake mweusi wa molasi. Karibu na Msalaba, pale pasipofika jua, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, gari likatulia mahali pamoja, likielea. Mguu wake, kwa mazoea ya zamani, ulitaka kukanyaga mafuta zaidi, kama alivyofanya kwa chuma. Akauzuia. Akalegeza mafuta mpaka injini ikakaribia kuzima. Ile mikato ya wembe ikapata pa kushika. Aliihisi kiunoni kabla hajaiona, gari likasogea shubiri, kisha shubiri nyingine, kisha likapanda tu, bila majivuno, hadi juu.

"Umekuja kimyakimya hivyo, tulidhani umekwama," walisema akina mama, wakimwekea sufuria iliyojaa hadi ukingoni.

Akaanza kuteremka. Alitia gia ndogo, akaacha gari lijizuie lenyewe. Kwenye kioo cha nyuma aliiona molasi ikiinama upande mmoja, ikijirudisha. Kona ikaja. Akageuza usukani kidogo tu, na magurudumu ya mbele yakaitika. Moyo ulimruka kama mwana mbuzi. Akageuza zaidi, yakaitika zaidi, na kona ikapita kushoto kwake, mpole, kama kona ya siku ya Julai. Mtu fulani juu ya ukingo alianza kupiga kelele, wengine wakadakia, wakawa wanakimbia pembeni ya gari huku kofia za karatasi zikipeperuka.

Sehemu ya mwisho ilikuwa imesuguliwa na magari hadi ikang'aa. Akakanyaga breki taratibu. Gari likapungua, likateleza kidogo, likapungua tena. Mwalimu Lavertu hakusogea. Bampa likaligusa sanduku la barua kama ndama anavyonusa kiganja, na mlango mdogo wa sanduku ukafunguka wenyewe. Mwalimu akafungua mlango wa nyuma, akachovya kidole pembeni mwa sufuria, akakilamba, akatazama kiti. Kikavu.

"Rosaire Potvin," akasema, "Jumatatu usichelewe."

Ilikuwa siku ya furaha kuliko harusi nyingi. Molasi ikachemshwa, pipi zikavutwa kutoka mtu hadi mtu, na Ludger, akiwa ndani ya suruali ya kuazima ya padri, alivuta pipi na Rosaire kamba moja, wakirudi nyuma hadi ikawa nyembamba kama uzi.

"Zile slipa," Ludger alisema. "Ni mpira gani ule?"

"Leta ukucha wako siku moja."

Jumatatu Rosaire alifika Safu ya Juu, na hapakuwa na mtoto hata mmoja nje. Hawakumsikia. Alipiga honi mlango kwa mlango, na watoto wakatoka wakihangaika na viatu, mikate mdomoni, wakimlaumu. "Mjomba, umekuja kama mwizi." Alicheka, lakini alipofika nyumbani aliingia bandani, akatafuta ule ukanda wa kengele ambao babu yake alimvisha farasi wa kuvuta sleji, mkokoteni wa kuteleza usio na magurudumu, kwa sababu hata sleji hailii juu ya theluji na watu wa zamani walilijua hilo. Akaufunga kwenye bampa. Tangu siku hiyo watoto walivaa viatu kwa kengele.

Hakudumu sana kuwa na raha hiyo. Miaka michache baadaye wakubwa wa mjini waliunganisha kamati za shule, likaja basi kubwa la manjano lenye dereva aliyebadilishwa kila muhula. Mlima ukachongwa, kona ikanyooshwa, chumvi ikamwagwa hadi barafu ikawa tope. Sikukuu ya Katarina ikabaki na pipi za dukani. Watu wakasema ni usalama, na huenda ni kweli. Lakini hakuna tena anayejua kusimama penye sanduku la barua, kwa sababu hata sanduku lenyewe liliondolewa.

Majira hayohayo kiwanda cha mbao kilifungwa kabisa, na Ludger akapata kazi kwenye bandari ya madini, mbali kule Pwani ya Kaskazini. Alikuja Januari, vitu vimefungwa juu ya gari la kijani, Colombe ameshikilia kapu la paka. Ndani ya gari bado kulinukia molasi.

"Shemeji," alisema, akitazama viatu vyake, "zile slipa za hospitali unazitumia?"

Rosaire aliingia bandani akazitoa zote nne. Safari hii alikuwa amezitia alama kwa rangi nyeupe, kila moja na mahali pake. Akalaza moja kwenye theluji, wakasubiri wote wawili, wakipuliza vidole. Kisha Ludger akavua glovu, akabonyeza ukucha wake mwenyewe. Ulizama nusu.

"Zina msimu mmoja," alisema Rosaire. "Ukienda taratibu, miwili."

"Nitakwenda taratibu."

"Hujawahi."

"Nina paka ndani."

Wakazifunga pamoja kwa jeki ileile. Fernande alimkumbatia kaka yake, akampa pai ya nyama iliyofungwa kwa taulo. Rosaire akatembea hadi penye Msalaba ili aone vizuri. Gari la kijani likateremka bila mlio, likapita pale palipokuwa na kona, likafika chini. Taa za nyuma zikawaka nyekundu pale palipokuwa na sanduku la barua, na gari likasimama kabisa. Lori la magogo likapita. Kisha taa zikazimika, gari likakunja kushoto kufuata mto, na theluji ikaanza kuzijaza alama za tairi nne. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.